Lori Kuukuu Mlimani: Pumzi ya Injini na Silinda Hedi

Mazungumzo ya redio kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima, Nyanda za Juu za Kusini

Walimu na wanafunzi wa kisomo, ninyi mliokaa sasa shuleni, katika majumba ya ushirika na chini ya miti, tangu Iringa na Mafinga mpaka Mbeya na Tunduma, sogeeni karibu na redio. Kila mtu awe na karatasi na kalamu, maana leo tuna hesabu za kufanya pamoja. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya matano: hewa, chujio, valvu, hedi, gasketi. Yasomeni kwa sauti mara mbili, kisha tuendelee.

Somo letu ni juu ya lori kuukuu. Sisemi juu ya lori jipya la kampuni kubwa. Nasema juu ya lile lori ambalo watu wanne watano wamechanga fedha wakalinunua, au ambalo mama mmoja mfanya biashara amelinunua kwa jasho lake, nalo linachukua viazi kutoka Uyole, mbao kutoka Mafinga, mahindi kutoka Makambako. Lori hilo limeonja safari nyingi kabla ya kufika mikononi mwao. Sasa likipanda mlima linatoa moshi mweusi, mwendo wake ni wa mtu anayetembea kwa miguu, na nyuma yake kuna msururu wa magari yanayopiga honi. Mwenye lori anaambiwa na huyu, "Weka tabo." Anaambiwa na yule, "Badili hedi." Na wa tatu anasema, "Fungulia pampu, liongezewe mafuta." Kila shauri lina bei yake. Mtu akikosea hapa, fedha za mwaka mzima hupotea, na pengine injini nayo hufa. Basi tutazame jambo lenyewe lilivyo, ili mwenye lori ajue la kumwuliza fundi.

Kwanza, injini hufanyaje kazi? Ndani ya injini mna silinda, yaani matundu makubwa ya mviringo, na ndani ya kila silinda mna pistoni inayopanda na kushuka. Pistoni ikishuka mara ya kwanza, huvuta hewa. Ikipanda, huibana hewa ile mpaka ikawa ya moto sana. Hapo dizeli hupulizwa ndani, nayo huwaka, na nguvu ya moto ule huisukuma pistoni chini. Ikipanda tena, husukuma moshi nje. Kuvuta, kubana, kuwaka, kutoa. Mambo manne, na magurudumu ya lori hupata nguvu katika moja tu.

Juu ya silinda kuna kifuniko kizito cha chuma. Hicho ndicho silinda hedi. Msidhani ni kifuniko tu kama cha sufuria. Ndani yake mna njia za kuingizia hewa, njia za kutolea moshi, na njia za maji ya kupozea. Tena ndimo zinamokaa valvu, ambazo ni milango. Valvu ya hewa hufunguka pistoni inapovuta, na valvu ya moshi hufunguka pistoni inapotoa. Kati ya hedi na bloki ya injini kuna gasketi, ambayo kazi yake ni kuzuia moto, maji na mafuta yasichanganyike.

Sasa, kwa nini lori lililokuwa na nguvu Dar es Salaam na Morogoro lishindwe likifika Kitonga? Watu wengi husema ni mlima tu. Mlima ni sababu moja. Sababu ya pili haionekani kwa macho, nayo ni hewa. Huku kwetu juu hewa ni nyepesi kuliko pwani. Mji wa Iringa uko zaidi ya meta 1,500 juu ya bahari, Mbeya takriban meta 1,700, na barabara ya kutoka Mbeya kwenda Chunya hupita juu ya meta 2,400. Mafundi wana kanuni ya kukadiria: kwa kila meta 300 unazopanda, injini isiyo na tabo hupoteza kama sehemu 3 katika 100 za nguvu zake.

Haya, shikeni kalamu. Gawanyeni 1,700 kwa 300. Mnapata 5 na kitu, karibu na 6. Zidisheni kwa 3. Jibu ni kama 17. Basi injini iliyokuwa na nguvu za farasi 160 ilipokuwa bandarini, hapa Mbeya ina nguvu 133 hivi. Farasi 27 wamebaki pwani. Na mzigo haukupungua hata gunia moja.

Tufanye hesabu ya pili, ambayo ni nzuri zaidi. Lita 1 ya dizeli, ili iungue yote, inahitaji kwa uchache kama kilo 12 za hewa. Ndiyo, hewa ina uzito. Pwani, lita 1,000 za hewa zina uzito wa kilo 1 na sehemu mbili za kumi hivi. Mbeya, lita hizo hizo 1,000 zina uzito wa kama kilo 1 tu. Kwa hiyo pwani lita 1 ya dizeli inahitaji lita 10,000 za hewa, na Mbeya inahitaji lita 12,000. Injini ni ile ile, mapafu yake ni yale yale, lakini inatakiwa ivute hewa nyingi zaidi kwa kazi ile ile. Haiwezi. Basi dizeli inayopulizwa haiungui yote, na ile isiyoungua hutoka nyuma. Huo ndio moshi mweusi. Moshi mweusi ni fedha yako inayopanda juu mbinguni.

Hapo ndipo mnaona ubaya wa shauri lile la "fungulia pampu". Injini imekosa hewa, wewe unaiongezea mafuta! Ni kama kumshindilia ugali mtu aliyepaliwa. Moshi utazidi, joto litazidi, pistoni na valvu zitaungua. Kwa lori linalokaa huku juu siku zote, aghalabu inafaa pampu ipelekwe kwa fundi mwenye meza ya kupimia ili mafuta yapunguzwe kidogo. Kadhalika magari ya zamani ya petroli, kama Bedford zile za silinda sita ambazo wazee wanazikumbuka: kabureta iliyopimwa pwani hutoa petroli nyingi mno hapa, nayo huwekewa jeti ndogo zaidi.

Nimetaja wazee. Barabara hii yetu ina habari yake. Mwezi wa Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao wenyewe, na muda mfupi baadaye njia ya Zambia ya kupatia mafuta ikafungwa. Ikabidi petroli na dizeli zipelekwe kutoka Dar es Salaam kwa malori, mapipa juu ya mapipa, kupitia Iringa na Mbeya mpaka Tunduma, na kutoka huko mpaka Zambia. Sehemu kubwa ya barabara ilikuwa ya udongo. Masika ilikuwa tope, kiangazi ilikuwa vumbi, na Waingereza waliiita njia ya jehanamu. Mwaka 1966 serikali za Tanzania na Zambia zilianzisha pamoja kampuni ya usafirishaji iliyotumia malori ya Fiat yenye matela. Bomba la mafuta lilipoanza kazi mwaka 1968, mzigo ule ukapungua. Reli ya TAZARA ilifuata, ikakabidhiwa mwaka 1976. Katika miaka ile madereva na mafundi wa njia hii walijifunza kwa shida mambo haya ninayoyasema leo: vumbi, joto, na hewa nyepesi.

Turudi kwenye injini. Tufuate hewa njiani, tangu nje mpaka ndani ya silinda, kama mtu anayefuata mfereji kutafuta mahali maji yanapozuiliwa.

Mlango wa kwanza ni chujio la hewa. Wengi hulidharau kwa sababu si kitu cha kujivunia. Hakuna mtu anayemwonyesha jirani yake chujio jipya. Lakini mimi naona hapa ndipo fedha ya kwanza iende. Kuanzia Juni mpaka Oktoba vumbi letu jekundu la Mufindi na Njombe ni laini kama unga. Chujio likijaa vumbi, injini huvuta kwa taabu. Na likitoboka, jambo ni baya zaidi, kwa maana vumbi likichanganyika na mafuta ya injini huwa kama dawa ya kusagia, likazila ringi na silinda. Ovahoo ya injini nzima huweza kusababishwa na mpira uliopasuka kati ya chujio na manifoldi, mpira wa bei ndogo kabisa. Utajuaje? Fungua mpira ule, pitisha kidole ndani. Kidole kikitoka na vumbi, kuna mahali hewa inapita bila kuchujwa. Usilipige chujio la karatasi chini au kwenye gurudumu ili kulisafisha. Karatasi hupasuka usione. Na lile chujio la zamani lenye bakuli la mafuta, libadilishiwe mafuta kila yanapokuwa tope.

Mlango wa pili ni mahali hewa inapovutwa. Baadhi ya malori yaliyofanyiwa matengenezo mengi huvuta hewa kutoka nyuma ya rejeta, penye joto. Hewa ya moto ni nyepesi. Ikizidi joto kwa nyuzi 10, injini hupoteza kama sehemu 3 katika 100. Lakini mmekwisha jua kwamba sehemu 3 katika 100 ni sawa na kupanda meta 300. Kwa hiyo mtu aliyeacha bomba lake la hewa livute joto la injini amejijengea mlima wa bure. Liinueni bomba lile lipande nyuma ya kibini, livute hewa baridi ya juu, mbali na vumbi la magurudumu. Fundi wa kuchomelea anaweza kulitengeneza kwa bati nene. Lisiwe jembamba kuliko lile la kiwanda, na liwe na kofia ya kuzuia mvua.

Mlango wa tatu ni manifoldi, yaani bomba lenye matawi linaloigawia kila silinda hewa yake. Hapa tazameni gasketi. Mara nyingi gasketi iliyokatwa kwa mkono kutoka karatasi huwa na tundu dogo kuliko tundu la hedi, na ukingo wake unatokeza ndani ya njia kama jiwe ndani ya mfereji. Kateni vizuri ili matundu yalingane. Kazi hii haina gharama ila wembe na uvumilivu.

Tumefika kwenye hedi yenyewe. Na hapa nataka tukae kidogo.

Mtu anaposema "kuboresha hedi", anaweza kuwa na maana ya mambo mawili yaliyo mbali sana. La kwanza ni kuirudishia hedi hali yake ya kiwandani. La pili ni kuichonga ili ipitishe hewa zaidi kuliko alivyokusudia mtengenezaji. La kwanza linafaa kwa kila lori kuukuu. La pili lina hatari zake.

Katika kuirudishia hali yake, hedi hufunguliwa, valvu hutolewa, na masizi yote huondolewa. Mtashangaa jinsi masizi yanavyojaa shingoni, yaani pale chini tu ya kiti cha valvu. Hewa hugeuka kona pale, na ndipo inapobanwa kuliko mahali pengine pote. Kisha valvu na viti vyake husagwa ili vikutane barabara. Kijiti kinachoongoza valvu kikiwa kimelika, valvu hucheza, haifungi sawasawa, na mafuta ya injini hupenya. Hapo ndipo unaona moshi wa buluu. Kijiti kipya kiwekwe kabla ya kusaga, si baada ya kusaga. Fundi akimaliza, mwambie alaze hedi na kumimina mafuta ya taa katika njia za hewa na za moshi, valvu zikiwa zimefungwa. Mkanywe chai. Mkirudi mkakuta mafuta ya taa yamevuja kwenye valvu, kazi haijaisha.

Nao uchongaji? Katika injini za petroli, kupanua njia kidogo huweza kusaidia. Lakini katika injini nyingi za dizeli, njia ya hewa imepindwa kwa makusudi ili hewa iingie ikizunguka kama kimbunga. Mzunguko ule ndio unaochanganya hewa na dizeli. Fundi akiichonga njia ile iwe pana na laini kama kioo, hewa itaingia nyingi kidogo lakini haitazunguka, na moshi mweusi utarudi. Tena nyuma ya ukuta wa njia kuna maji. Akichonga milimeta chache kupita kiasi, ametoboa hedi. Mimi nasema: ondoeni masizi, ondoeni vipele vya chuma vilivyoachwa na kiwanda, linganisheni matundu na gasketi, basi.

Je, faida yake ni kiasi gani? Andikeni. Chukueni injini ya Fuso iitwayo 6D14, inayojulikana sana katika barabara zetu. Ujazo wake ni lita 6 na nusu. Ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, huvuta hewa mara 1,000 kwa kila silinda, maana huvuta mara moja katika mizunguko miwili. Zidisheni 1,000 kwa 6.5. Jibu ni lita 6,500 kwa dakika. Lakini silinda hazijai kabisa. Tuseme katika lori letu zinajaa sehemu 8 katika 10. Basi ni lita 5,200. Pwani, hewa hiyo ina uzito wa kilo 6 na robo hivi. Mbeya ni kilo 5 na sehemu mbili za kumi. Tumepoteza kilo 1 kila dakika.

Sasa tumesafisha chujio, bomba, manifoldi na hedi, na silinda zinajaa sehemu 8 na nusu katika 10. Zidisheni 6,500 kwa 0.85. Ni lita 5,525, yaani kilo 5 na nusu. Tumerudisha kama theluthi moja ya ile kilo iliyopotea. Theluthi, si yote. Mtu atakayekuahidi kwamba kwa kuchonga hedi atakurudishia nguvu zote za pwani, mwulize afanye hesabu hii mbele yako.

Jambo jingine juu ya hedi ni joto, nalo limeua hedi nyingi kuliko uzee. Pwani maji huchemka katika joto la nyuzi 100. Mbeya huchemka kama nyuzi 94. Basi rejeta yetu iko karibu zaidi na kuchemka hata kabla ya kupanda mlima. Kifuniko cha rejeta chenye springi nzima hubana maji yasichemke mpaka kupita nyuzi 100. Kifuniko kilichokufa, au kitambaa kilichosokotwa mahali pa kifuniko, hakibani kitu. Lori linapanda Kitonga kwa gia ya kwanza, maji yanachemka, dereva anasimama, utingo anakimbia na ndoo ya maji ya mtoni na kuyamwaga ndani. Chuma chenye moto mkali kikikutana na maji baridi ghafula, hupasuka, aghalabu kati ya valvu mbili. Kama limechemka, liachwe linguruma polepole bila kukanyagwa mafuta, lipoe lenyewe. Lisifunguliwe kifuniko kwa mkono mtupu, maana mvuke huunguza uso. Maji yaongezwe kidogo kidogo likiisha poa.

Hedi iliyochemka hupinda. Fundi huweka rula ya chuma iliyonyoka juu yake na kupitisha fila geji chini ya rula. Mpindo unaoruhusiwa ni mdogo sana, kwa kawaida sehemu 1 au 2 za milimeta iliyogawanywa mara 10. Ikizidi hapo hukwanguliwa kwa mashine. Lakini kila inapokwanguliwa hupungua unene, valvu husogea karibu na pistoni, na siku moja hugongana. Ndiyo sababu kitabu cha kiwanda huandika unene wa mwisho. Ukinunua hedi iliyotumika, ipimwe unene, na ipimwe mipasuko kwa kubanwa hewa ndani ya maji ya moto kabla hujalipa.

Sasa tusikilize mazungumzo mafupi. Mwalimu, chagua wanafunzi wawili, mmoja awe mwenye lori, mmoja fundi. Wayasome baada ya kipindi.

Fundi: Shikamoo, mama.
Mama: Marahaba, mwanangu. Habari ya gari langu?
Fundi: Nimeifungua hedi, mama. Imepinda kidogo, na vijiti vya valvu vimelika.
Mama: Shemeji yangu ameniambia niweke tabo. Ameiona moja kwa wauza vyuma chakavu, bei si mbaya.
Fundi: Tabo ya injini gani, mama?
Mama: Hilo hakuniambia.
Fundi: Tazama hapa kwenye kibati cha injini. Tafadhali nisomee.
Mama: Sita... D... kumi na nne.
Fundi: Mbele ya kumi na nne pana herufi nyingine?
Mama: Hapana. Imeishia hapo.
Fundi: Ingekuwa na T, ingekuwa injini iliyozaliwa na tabo. Hii haina.
Mama: Na gasketi je? Ile ya zamani naiona bado nzima.
Fundi: Gasketi ya hedi hairudiwi, mama. Hata ikiwa nzima kwa macho.
Mama: Haya. Niandikie vitu vyote na bei zake, nami nitavisoma mwenyewe kabla ya kutoa fedha.

Asanteni. Herufi moja ile, T, ina maana kubwa. Tabo ni pampu ya hewa inayozungushwa na moshi unaotoka. Mswisi mmoja, Alfred Büchi, aliipatia hati mwaka 1905. Mwaka 1918 Mmarekani Sanford Moss aliipandisha injini ya ndege juu ya mlima Pikes Peak, zaidi ya meta 4,000. Chini injini ile ilikuwa na nguvu za farasi 350. Mlimani bila tabo zikashuka mpaka 230. Akafungulia tabo, zikapanda mpaka 356. Kwa hiyo ni kweli kabisa kwamba tabo ndiyo dawa ya hewa nyepesi. Sibishi.

Ila dawa hii hupewa mwili ulioandaliwa. Injini yenye T kwa kawaida ina pistoni za namna nyingine, zisizobana hewa sana, na mara nyingi mna vijibomba vinavyopulizia pistoni mafuta kwa chini ili zipoe. Pampu yake imepimwa kwa hewa ile. Tabo yenyewe inataka bomba lake la mafuta safi, na huzimwa kwa taratibu: injini huachwa ingurume dakika mbili tatu baada ya kupanda mlima. Ukiifunga tabo juu ya injini isiyo na T bila kugusa kitu kingine, moshi utapungua na utafurahi kidogo. Kisha mtu atafungulia pampu, maana ndipo nguvu inapotoka, na hapo pistoni na gasketi zitabeba mzigo ambao hazikutengenezewa. Mwenye fedha za kutosha na anunue injini nzima yenye T, iliyopimwa. Asiye nazo atengeneze hedi, chujio na pampu, apunguze magunia kidogo, afike.

Siku ya kurudisha hedi, mwenye lori awepo. Matundu ya bolti yakaushwe, kwa maana maji yaliyobaki ndani ya tundu hupasua bloki bolti ikikazwa. Gasketi iwe mpya. Bolti zikazwe kuanzia katikati kwenda kingoni, kwa raundi tatu, na spana yenye kipimo, kwa namba zilizo katika kitabu. Kisha nafasi za valvu zipimwe. Fundi anayekaza kwa bomba refu na kusema "mkono wangu unajua" si lazima awe mbaya, lakini kitabu kinajua zaidi, na ninyi sasa mnaweza kukisoma namba zake.

Neno juu ya breki. Injini iliyotengenezwa itapanda Kitonga haraka kuliko zamani, na dereva atafurahi, na tajiri atashawishika kuongeza mzigo. Lakini hedi mpya haipozi breki hata kidogo. Katika mteremko wa Inyala na wa Mlima Nyoka uzito ule ule ulioupandisha ndio unaokusukuma. Dereva ashuke kwa gia ile ile ambayo angepandia, aichague juu kabla ya mteremko kuanza, na asiitoe njiani. Fedha za hedi zikitolewa, fedha za breki zitolewe siku hiyo hiyo.

Kazi ya juma hili ni hii. Kwanza, nendeni wawili wawili mahali malori yanaposimama, ombeni ruhusa kwa dereva, msome kibati cha injini na kuyaandika maandishi yake. Pili, fanyeni hesabu: injini yenye nguvu za farasi 120 pwani itakuwa na ngapi Iringa, penye meta 1,500? Tumieni ile kanuni ya 3 kwa kila meta 300. Tatu, mwandikieni fundi barua fupi, mistari mitano, mkimwuliza bei ya kusaga valvu, bei ya gasketi, na kama ana spana yenye kipimo.

Juma lijalo, saa hii hii, tutazungumza juu ya pampu ya dizeli na nozeli. Mwalimu, waambie waje na majibu yao. Kwa herini.